Ruta ya njano iliyonisamehe usiku wa tarehe 19

Ruta ya GL.iNet, ile GL-MT300N-V2 wanayoiita Mango (embe), ninayo huu mwaka wa pili. Jina limeikubali: ni ya njano na inaenea kiganjani. Hadi kufika Tanga ilinigharimu kama laki moja na ishirini, pamoja na nauli ya mzigo. Sikuwa na mpango wa kuiandikia chochote, maana ruta ikifanya kazi nani anaikumbuka? Lakini mwezi uliopita niliivuruga kwa mikono yangu mwenyewe, ikarudi, na namna ilivyorudi ndiyo iliyonikalisha hapa kuandika.

Ninaandaa hesabu za wafanyabiashara wadogo, kazi naifanyia nyumbani Makorora. Ritani za VAT mwisho wake tarehe 20. Tarehe 19 usiku, bado ritani tatu mezani, nikaona huo ndio wakati wa kuwatenga wapangaji wangu kwenye mtandao wao. Usiniulize kwa nini. Ruta nilishaiwekea OpenWrt rasmi, yaani programu huria ya kuendesha ruta badala ya ile ya kiwandani, basi nikaingia kwenye mipangilio, nikauhamishia mtandao wa ndani kwenye poti inayokwenda kwa modemu. Ikahangaika dakika moja na nusu, ikaona imenipoteza, ikarudisha mipangilio ya zamani yenyewe. Ikanieleza kwa adabu kabisa kwamba mabadiliko yangu yangenifungia nje, ila kama nina hakika, kuna kitufe cha kulazimisha bila ukaguzi.

Nilikuwa na hakika.

Waifai ikapotea, waya nao kimya. Haikupita dakika tano mpangaji wa chumba cha uani akabisha hodi: "Mama Rehema, intaneti imelala leo?" Nikamwambia nairekebisha, kwa sauti ya mtu anayejua anachofanya.

Nikampigia mtoto wa kaka yangu, yuko Dar, mambo haya ndiyo kazi yake. "Shikamoo shangazi, usibonyeze kitufe cha kurudisha kiwandani!" Kidole kilikuwa tayari kipo juu yake. Ukikibana sekunde kumi kila kitu kinafutika: majina ya waifai, anwani nilizowapangia printa na mashine, zuio la saa nne usiku nililomwekea Rehema. Akasema kuna mlango wa nyuma unaitwa failsafe, ambao unaamsha ruta bila kusoma mipangilio yako.

Hapa ndipo pa kuwa makini. Kitufe ni kilekile kimoja, tofauti ni wakati wa kukibonyeza. Mara ya kwanza nilikishikilia kabla sijachomeka umeme, nikajikuta kwenye ukurasa mweupe unaodai nipakie faili. Nikachomoa waya kwa woga. Kumbe huo ni mlango wa tatu, wa U-Boot, kiprogramu kinachoamka kabla ya mfumo wenyewe, kwa ruta iliyoharibika mfumo mzima. Unaingizia programu mpya kwa kivinjari tu. Mara ya pili nikachomeka umeme kwanza, nikaiangalia taa kama paka anayeangalia tundu la panya. Ilipoanza kupepesa nikabonyeza, na mpepeso ukawa wa haraka zaidi. Tumo.

Humo ndani hakuna waifai wala wa kukugawia anwani. Unahitaji kebo, na kompyuta unaipa mwenyewe anwani 192.168.1.2. Yangu nyembamba haina hata tundu la kebo, ndiyo maana tangu jaribio la kwanza nilikuwa nimefufua Dell ya zamani iliyokuwa juu ya kabati. Nikaandika ssh root@192.168.1.1, amri ya kuingia ndani ya ruta kwa maandishi, kompyuta ikapiga kelele kwamba utambulisho wa mashine umebadilika. Kijana akacheka, akasema ni kawaida, kwa sababu failsafe inatengeneza funguo mpya. Nikafuta ule wa zamani, nikaingia bila kuulizwa neno la siri. Kisha mistari mitatu tu: mount_root ya kufungua hifadhi ya mipangilio, rm /etc/config/network ya kufuta faili la mtandao, na reboot -f ya kuiwasha upya. Faili la mtandao lisipokuwepo, OpenWrt inaliandika upya yenyewe inapowaka. Mafaili mengine haikuyagusa. Waifai ikarudi na jina lake, na zuio la Rehema likarudi nalo, yeye hakufurahi. Saa sita kasoro nilikuwa nimemaliza ritani ya pili.

Kwa upande wa kasoro, waifai yake ni ya 2.4 GHz peke yake na poti zake zinaishia 100 Mbps, kwa hiyo kama umeunganishwa faiba ya kasi kuliko hapo, unalipia usichokipata. Nyumba ya ghorofa isahau. Ila inakula volti 5 za micro USB, na umeme ukikatika naichomeka kwenye pawabenki nikaendelea, mradi modemu nayo ina pa kujishikiza.

Mwenye mikono kama yangu nampa nyota tano, asiyegusa mipangilio nne. Wapangaji bado wako kwenye mtandao wangu. Nakala ya mipangilio sasa iko kwenye flashi ndani ya droo ya risiti, pamoja na kebo, na ile Dell hairudi juu ya kabati.