Debian 12 kwenye seva za vyama vya korosho: ukali wa leseni na adha zake

Kwa misimu miwili sasa nimekuwa nikitayarisha seva ndogo za kutunzia kumbukumbu za mizigo ya wakulima katika vyama vya msingi vya mkoani Mtwara, na zote zinaendeshwa na Debian 12, toleo la mfumo endeshi huria wa Linux lililotoka Juni 2023. Kuhusu kasi na uimara sina la kulalamikia: mashine huwashwa na hazisumbui, na viongozi wa chama hawana haja ya kujua ndani mna nini. Ninalotaka kulipima hapa ni namna Debian inavyoshughulikia leseni zinazogongana.

Anayeweka programu huria kwenye mashine yake mwenyewe ana uhuru mkubwa wa kuchanganya. Masharti mazito ya GPL, leseni ya kerneli ya Linux (yaani kiini cha mfumo), huanza pale anapompa mwingine nakala. Mimi hukabidhi mashine ikiwa imekwisha kuwekewa kila kitu, kwa hiyo, nipende nisipende, ni msambazaji.

Nililitambua hilo kwa sababu ya ZFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili kwenye diski. Niliitaka kwa kuwa hugundua data iliyoharibika kimyakimya kwenye diski, na mizani ya korosho haistahimili tarakimu zilizopotea. Lakini ZFS ilitoka kampuni ya Sun Microsystems kwa leseni ya CDDL, ambayo inadai mafaili yake yabaki chini yake, ilhali GPL toleo la 2 inadai kazi nzima iliyounganishwa itolewe kwa GPL. Kila leseni ni huria ikiwa peke yake; zikikutana ndani ya moduli moja ya kerneli, yaani kipande kinachoongezwa kwenye kiini hicho, kuitii hii ni kuivunja ile. Mwaka 2016 Canonical, kampuni inayotengeneza mfumo wa Ubuntu, waliisambaza moduli ya ZFS iliyokwisha kujengwa ndani ya Ubuntu 16.04, na Software Freedom Conservancy, shirika linalotetea programu huria, wakatamka hadharani kwamba huo ni ukiukaji wa GPL. Debian wao hutoa msimbo chanzo tu, kwenye sehemu ya pembeni ya hazina yao iitwayo contrib, na moduli hujengwa kwenye mashine ya mtumiaji baada ya kuonyeshwa onyo kwamba leseni hizo hazipatani.

Kwa fundi wa huku adha yake si ndogo. Contrib haimo kwenye DVD rasmi, kwa hiyo vifurushi hivyo lazima vipakuliwe, na Mei 2024, hitilafu za mkongo wa baharini zilipozorotesha intaneti nchini, kazi yangu ililala. Kwa haraka nikanakili diski ya mashine ya kwanza, pamoja na moduli iliyokwisha kujengwa, kwenda ya pili. Baada ya kusoma lile onyo kwa utulivu, niliifuta nikaanza upya, kwa sababu nilikuwa nimefanya hasa kile ambacho Debian wenyewe wamekataa kukifanya.

MongoDB, programu ya hifadhidata, nayo haimo kabisa ndani ya Debian. Oktoba 2018 ilihamia leseni ya SSPL, inayomtaka anayeitoa kama huduma kufungua hata programu anazotumia kuiendeshea huduma hiyo, na tangu Debian 10 hutaikuta kwenye hazina yao. Nilinung'unika, kisha nikahamishia kumbukumbu kwenye PostgreSQL, hifadhidata nyingine, na sijajuta.

Ninachokisifu zaidi ni jambo dogo: kila kifurushi huja na faili la hakimiliki ndani ya /usr/share/doc, hivyo chama kikiuliza kimepewa programu kwa masharti gani, jibu limo ndani ya mashine yenyewe. Bahati mbaya mafaili hayo yameandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, na katibu wa chama aliyenifungulia moja alilifunga kabla hajamaliza ukurasa.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya moduli ya ZFS, ambayo hujengwa upya kila kerneli inaposasishwa, na kwenye kompyuta kuukuu ninazopewa kazi hiyo huchukua muda wa kutosha kwenda kula mchana na kurudi.