Mihadhara ya sauti kuhusu wahafidhina wa Marekani: uzoefu wangu (nyota 4 kati ya 5)

Naendesha lori la mizigo kati ya Columbus, Ohio, na Memphis. Ni karibu saa kumi za njia, na redio huchosha mapema. Kaka mmoja tunayeswali naye ndiye aliyenielekeza kwenye mihadhara hii: iko 24, kila mmoja nusu saa, kuanzia mwisho wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mpaka miaka hii. Nimeimaliza yote, minne nimeirudia.

Nilikuwa na sababu yangu. Majirani zangu wengi hujiita wahafidhina, na kwa miaka tisa nilidhani wote wanaamini kitu kimoja: kodi ndogo, bunduki na kanisa. Kumbe tangu William F. Buckley aanzishe jarida la National Review mwaka 1955, akiwa hajatimiza miaka 30, watu waliokaa meza moja hawakukubaliana hata juu ya kazi ya serikali.

Mhadhara wa saba ndio ulionishika. Frank Meyer, aliyewahi kuwa Mkomunisti kisha akaugeuka ukomunisti, alishikilia kwamba serikali ilinde uhuru wa mtu na iishie hapo, kwa sababu wema wa kulazimishwa si wema. Brent Bozell, shemeji yake Buckley na Mkatoliki wa dhati, akamjibu mwaka 1962 katika jarida hilohilo: uhuru si lengo, lengo ni watu kuwa wema, na jamii ina haki ya kuwasaidia wafike huko. Nimesoma chuoni kwa maalim, Tanga, na suala hili nalijua tangu nina miaka sita. Mtoto anayeswali kwa kuogopa bakora, je, ameswali? Sikutegemea kulikuta kwenye barabara kuu ya Kentucky, likibishaniwa na Wamarekani wawili. Nilipofika kituo cha malori niliusikiliza tena kabla ya kulala.

Meyer alitafuta njia ya kuwaweka pamoja watu wa soko huria na watu wa mila na dini. Mhadhiri anaeleza vizuri kwamba mshono huo ulishikwa na hofu ya Wasovieti. Dola yao ilipovunjika mwaka 1991, mshono ukaanza kufumuka, na mwaka uliofuata mwandishi Pat Buchanan akasimama kumpinga Rais Bush (baba) ndani ya chama chao cha Republican, akilaumu vita vya ng'ambo, biashara huria na uhamiaji. Hapo mhadhiri anarudi nyuma kwa Robert Taft, seneta wa Ohio aliyepiga kura kuupinga mkataba wa NATO, umoja wa kijeshi, mwaka 1949 na kushindwa na Eisenhower kuteuliwa mgombea urais wa chama hicho mwaka 1952. Cincinnati, mji wa Taft, naupita kila wiki, na sikuwahi kumsikia. Sasa nikisikia majirani wakisema vita vya ng'ambo haviwahusu, najua kwamba maneno hayo hayakuzaliwa 2016, Trump alipochaguliwa.

Kuna na Harry Jaffa, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Ohio State hapa Columbus kabla ya kuhamia California. Kwake, moyo wa Marekani ni yale maneno ya Tangazo la Uhuru la 1776 kwamba watu wote wameumbwa sawa, na Rais Lincoln ndiye aliyeyatetea. M. E. Bradford wa Texas alimpinga miaka mingi. Yeye aliona Lincoln ndiye aliyeharibu. Je, Marekani ni ahadi ambayo yeyote anayeiamini anaweza kuingia, au ni watu wa mahali fulani na mila walizorithi? Mimi niliyekula kiapo cha uraia nikiwa mtu mzima, suala hili kwangu si la darasani.

Na hapo ndipo ninapokata nyota moja. Mwaka 1957 National Review iliandika kwamba Wazungu wa Kusini wana haki ya kushika utawala hata pale wanapozidiwa idadi, ikidai kwamba kwa wakati huo wao ndio walioendelea zaidi. Mhadhiri anapita hapo kwa dakika mbili. Hasemi kwamba Buckley mwenyewe alikiri mwaka 2004 kuwa alikosea, na kwamba serikali kuu ilipaswa kuingilia. Seneta Barry Goldwater aliipinga Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, iliyokataza ubaguzi wa rangi, na mwaka huohuo, akiwa mgombea urais wa Republican, akashinda majimbo sita tu: Arizona kwao, na matano ya Kusini kabisa. Hilo nalo linatajwa kama hesabu ya kura. Ninashusha mzigo Memphis, mji alikouawa Martin Luther King mwaka 1968. Nilitaka nusu saa nzima juu ya jambo hili, maana huwezi kueleza ugomvi wa uhuru na mila bila kusema uhuru ni wa nani na mila ni ya nani.

Mengine ni madogo. Sauti ni safi, unaweza kupakua na kusikiliza bila mtandao, ila hakuna maandishi ya kusoma, na majina ya watu yanapita haraka. Mihadhara mitatu ya mwisho imebanwa mno.

Ukiwa na muda mchache, anza na wa saba, kisha ule wa Taft na Buchanan. Nimewaandikia waandaaji kuomba mhadhara kamili juu ya 1957 na 1964. Bado sijajibiwa, na wakiutoa nitarudi hapa kubadili nyota.