Land Cruiser ya kukodi, Marsabit hadi Loiyangalani kupitia Chalbi

Kabla sijapanda gari la mtu, huwa nalala chini yake kwanza. Mimi ni fundi, gereji yangu iko Changamwe, na Land Cruiser nimezifungua na kuzifunga kwa miaka ishirini na miwili. Hii tuliyoletewa pale Marsabit ilikuwa pikapu nyeupe yenye mabenchi mawili nyuma chini ya turubai. Springi za nyuma zimeongezwa majani mawili, boliti zake zimekazwa sawasawa, mipira ya redieta haina ufa, na chujio la pili la dizeli limefungwa kando ya injini. Nikatoka huko chini nikamwambia shemeji, "Gari hili lina mwenyewe." Halafu nikaligeuza tairi la akiba la pili, nikakuta nyuzi zinachungulia.

Bei ilikuwa shilingi 16,000 kwa siku pamoja na dereva, mafuta juu yangu. Tulikuwa watatu: mimi, shemeji, na mwanangu wa kwanza aliyemaliza shule juzi. Njia yetu ilikuwa Maikona, Kalacha, North Horr na Loiyangalani, kisha kurudi kwa barabara ya Sarima na Laisamis. Magari ya namna hii hayana duka lenye bango. Unapewa namba na mtu, naye kapewa na mwingine, na mwenye gari huenda usimwone kabisa. Kwa hiyo ninachokipima hapa ni huduma yenyewe, na zaidi ya yote, dereva.

Safari hii nilikuwa na deni nayo. Baba yangu alikuwa turniboi, yaani msaidizi wa dereva, wa lori la Isiolo–Moyale miaka ya sabini, na hadithi zake zote zilianzia kwenye kizuizi cha Isiolo: majina yanaandikwa, malori yanasubiriana mpaka yawe msururu, askari anapanda juu ya mzigo na bunduki yake. Waingereza waliifunga nchi ile ya kaskazini kwa sheria. Ile ya mwaka 1934 iliifanya eneo maalumu, na mgeni haingii bila kibali. Baada ya uhuru vikaja vita vya shifta, waasi waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, 1963 hadi 1967, na kanuni za hali ya hatari zilizoshika Kaskazini Mashariki, Marsabit, Isiolo, Tana River na Lamu. Hazikuondolewa hadi 1991. Mimi nimezaliwa Witu, huko Lamu, kwa hiyo sisi na wao tulifungiwa ndani ya uzio mmoja. Basi la Garsen kwenda Lamu lenye askari ndani nimelipanda mara nyingi, na najua ukimya wa abiria linapoingia msituni. Ndiyo maana Marsabit sikwenda kama mtu anayekwenda kutazama ajabu.

Isiolo hadi Marsabit sasa ni lami tupu. Baba angelia angeiona. Kazi ya dereva ilianza tulipoiacha lami kule Bubisa.

Pale senta alisimamisha gari, akaingia kibandani, akaagiza chai ya maziwa ya ngamia, akakaa. Dakika kumi, ishirini. Shemeji akaanza kutazama saa. Mimi nilimfuata ndani. Yeye ni Mgabra, wafugaji wa ngamia wa kule, na mazungumzo yalikuwa kwa lugha yao, lakini neno *nagaa*, yaani amani, lilipita mara nyingi mpaka nikalishika. Nilipomuuliza alikuwa anaulizia nini, akasema, "Fundi, siulizi kama njia ni salama. Kila mtu atakwambia ni salama. Nauliza mifugo ya nani imelala wapi, na imelala na nani." Akanieleza: ukikuta ngamia kisimani pamoja na akina mama na watoto, pita. Ukisikia vijana watupu wamehamisha mifugo usiku, wanawake wamebaki nyuma, geuza gari bila kuaga. Mbele ya Bubisa, kwenye barabara ya Moyale, ndipo ilipo Turbi, walipouawa watu wapatao 60 alfajiri moja ya Julai 2005, watoto wa shule wakiwamo. Alinionyesha upande huo kwa kidevu, hakuongeza neno.

Maulizo hayo aliyafanya kila senta, na kila mara kwa chai. Kama una haraka, usikodi gari kule.

Sasa Chalbi. Ni ziwa lililokauka, bapa kama sinia, na juu yake kuna ukoko wa chumvi. Ukingoni alizima injini, akakata kijiti, akaanza kutoa upepo kwenye tairi moja baada ya jingine, sikio lake karibu na vali. Hakutumia geji. Mimi ninayo yangu, haitoki mfukoni, nikampima kimyakimya: tairi zilikuwa na 40, sasa mbili zilisoma 22, mbili 23. Kwa sikio tu! Wapo mafundi Mombasa wenye mashine za umeme ambao hawanifikishii hesabu hiyo.

Halafu akavua viatu, akatembea mbele ya gari kama hatua mia, akibonyeza ukoko kwa kisigino. Mahali panapolia kavu, kama ukoko wa wali unapobanduliwa sufuriani, alituashiria. Mahali ukoko ulipokatika na tope jeusi likapanda kati ya vidole vya mguu, alizunguka mbali. Alitazama pia nyayo za ngamia: zikiwa bapa, sawa, zikiwa zimedidimia, hapana. Mwanangu alimfuata unyayo kwa unyayo, naye akavua viatu. Tulivuka kwa giya ya tatu bila kusimama na bila kupiga kona ya ghafla, na nilipotazama nyuma sikuona chochote isipokuwa alama zetu mbili.

Kalacha kuna chemchemi na mikoma, mikoma ileile ambayo mama alitumia miyaa yake kusukia mikeka. Huko wanafunikia nyumba. Tulifika saa nane mchana, na mimi nilitaka tuendelee North Horr. Dereva akatazama kaskazini, kwenye vilima vya Huri, ambako mawingu yalikuwa yamejikusanya, akasema leo haondoki. Mvua ikinyesha Huri, maji yanateremka Chalbi hata kama Kalacha halijadondoka tone. Nikamwambia jua linawaka. Akanijibu kwa adabu kwamba funguo atanipa nikizitaka, lakini yeye atabaki. Nilikasirika, nakiri, kwa sababu siku moja ya kungoja ni shilingi 16,000. Kesho yake karibu na adhuhuri likaja lori la mbuzi kutoka upande uleule tuliotaka kwenda. Tope lilikuwa limefika juu ya bodi, na turniboi, kijana wa rika la mwanangu, amekauka matope mpaka kifuani. Walikuwa wamelala huko. Mbuzi sita wamekufa. Dereva wetu alimpelekea maji kwenye kikombe chake mwenyewe.

Safari yetu ya siku tano ikawa siku sita.

North Horr alitushauri tumchukue askari wa akiba, homgadi kama wanavyomwita, hadi Ziwa Turkana. Tulimlipa sisi wenyewe na kumlisha. Kule ni mawe meusi ya volkano yenye ncha kama vioo, na hapa ndipo lalamiko langu lilipo. Pancha ya kwanza tulifunga tairi la akiba lililo zima. Ya pili tukabaki na lile lenye nyuzi, ambalo nililisema tangu Marsabit nikaambiwa kwa simu, "Hilo halitahitajika." Lilikwenda chini ya saa moja, likapasuka ubavuni. Kompresa niliyoahidiwa haikuwamo. Basi tukazibia pancha juani, saa nane mchana: tairi chini ya bampa, jeki juu yake, uzito wa gari ukalibandua kwenye ringi, tukatoa tyubu, tukapiga msasa, tukabandika kiraka, tukajaza kwa pampu ya mkono. Tulipokezana wanne, mikupuo mia mia, na homgadi amesimama juu ya jiwe anaangalia mbali. Ilituchukua saa mbili na nusu. Mahali kama pale gari lililosimama ni mwaliko, na mwenye gari aliyempa dereva tairi kama lile alimweka hatarini yeye kabla ya kutuweka sisi.

Loiyangalani tuliona ziwa jioni, kijani lenye mapovu meupe, na upepo unaoteremka kutoka mlima Kulal ukaanza giza lilipoingia. Hauachi mpaka asubuhi. Kabla ya kulala, dereva alichukua leso kuukuu akaifunga kwenye mdomo wa bomba la hewa la injini. Nimeona injini ngapi zilizokufa kwa mchanga kwa sababu ya kukosa kitambaa cha shilingi mia?

Shemeji alitamani turudi kwa South Horr na Baragoi hadi Maralal. Dereva alikataa mara moja. "Huko sina mtu wa kumpigia simu." Ni katika bonde la Suguta, upande huo wa Baragoi, ambako zaidi ya polisi 40 waliviziwa na kuuawa Novemba 2012 wakifuata mifugo iliyoibwa. Watu wenye bunduki, magari na amri, lakini ardhi haikuwa yao. Tukarudi kwa Sarima, katikati ya mitambo 365 ya umeme wa upepo, kwenye barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya kuipitishia mitambo hiyo. Mwanangu aliihesabu mpaka akachoka.

Ushauri wangu: likodi, lakini tairi mbili za akiba zigeuze kwa mkono wako, na kompresa uisikie ikiunguruma kabla hujatoa senti. Beba maji yako, maana mapipa yao yalinuka dizeli hata baada ya kusuuzwa mara tatu. Panga siku moja ya ziada na uilipe bila kinyongo. Mimi ile ya Kalacha nililipa yote.

Kinachoniuma ni hesabu nyingine. Njiani nilimuuliza dereva anapata ngapi katika zile 16,000. Anapata 1,500 kwa siku, na siku gari lisipotoka hapati kitu. Miguu iliyobonyeza ule ukoko, sikio lile, simu zile zote alizopiga kutoka senta hadi senta kwa pesa zake, vyote vimo ndani ya hiyo 1,500. Kwa hiyo ukikubaliana bei, uliza mbele ya mwenye gari dereva anapata kiasi gani, na useme unataka kiongezwe. Mwenye gari aliposikia swali hilo kutoka kwangu alinyamaza kidogo, kisha akasema ni mila ya biashara.

Mwenye gari nilimlipa kwa M-Pesa saa tatu usiku. Dereva nilimpa chake mkononi, kando ya gari, na ile geji yangu juu yake. Aliiweka mfukoni, akanishukuru, akarudi kwenye bomba la hewa kufungua ile leso na kuikung'uta vumbi.