Miungu wenye mipaka: mapitio ya mchezo wa God of War wa mwaka 2018

Atakayenunua mchezo huu kwa kutarajia miungu wasioshindwa atashangaa, kwa kuwa karibu kila mungu anayejitokeza ndani yake ana jambo linalomzidi nguvu. Nimeucheza hadi mwisho kwenye kompyuta, ambako ulifika Januari 2022, karibu miaka minne baada ya kutolewa kwa ajili ya PlayStation 4, na kwangu hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Huenda lugha yetu yenyewe ndiyo inayotutega. Tukisikia neno mungu, fikra zetu hukimbilia kwa Mwenyezi, mwenye enzi yote, ilhali miungu wa Skandinavia, ambao mchezo huu unawahusu, hawakupata kusimuliwa hivyo: waliumia, walidanganywa, na hata kifo chao kilikwisha kutabiriwa.

Baldur ndiye mfano bora, na asiyetaka kufichuliwa kisa chake aruke aya hii. Katika masimulizi yaliyoandikwa na Snorri Sturluson huko Iceland katika karne ya 13, mama yake aliviapisha vitu vyote visimdhuru mwanawe, akauacha mmea mmoja tu, ule unaoota juu ya miti mingine, kwa kuuona mchanga mno. Watunzi wa mchezo wameligeuza jambo hilo kwa ustadi: uchawi wa mama umemkinga Baldur na kifo, lakini pia umemnyima hisia zote, hata ladha ya chakula, naye anamchukia mama huyo kwa ajili ya zawadi aliyompa. Kinachovunja kinga hiyo ni ncha ya mshale wa mmea uleule, iliyotumiwa kufungia mkanda wa podo la Atreus, mwana wa Kratos, mungu ambaye mchezaji humwongoza.

Odin, mkuu wa miungu hao, naye haonekani, ila woga wake umeenea kila mahali. Amemfungia Mimir, mshauri wake wa zamani, ndani ya mti na kumnyang'anya jicho, naye ana kiu ya maarifa. Na ajuaye yote angewatakia nini kunguru wa kumpelelezea?

Mchezo unateleza pale nguvu zinapogeuzwa kuwa namba. Kratos, aliyemuua Zeus, mfalme wa miungu ya Wagiriki, katika God of War III, anaweza kuangushwa na mfu wa kawaida kwa sababu tu kiwango cha mfu huyo kimezidi chake, na udhaifu wa namna hiyo hauna maelezo yoyote ndani ya hadithi. Majitu yenye nguzo za mawe nayo yanarudiwarudiwa, rangi na majina tu vikibadilishwa, hadi yanachosha. Kwa upande mwingine, shoka lirudilo mkononi likiitwa halikunichosha hata siku moja, na inafurahisha kwamba hata mungu huyu hulipeleka kwa ndugu wawili wahunzi, Brok na Sindri, wamwongezee makali.

Damu ni nyingi, hivyo watoto wasiuguse. Mazungumzo nayo ni marefu na hayana tafsiri ya Kiswahili, kwa hiyo asiyemudu Kiingereza vizuri atazikosa simulizi za Mimir mtumbwini, ambazo kwangu zilipita hata mapigano.