Hema kubwa la kambi za ziwani: pima wavu kwanza

Tangu likizo ya Desemba simu yangu imejaa malalamiko ya mahema, na karibu yote yanafanana. Mama mmoja wa Nyegezi alinunua hema jipya la watu wanane, akawapeleka wanawe kulala ufukweni Igombe. Akaniandikia: "Dada, hema ni zuri, ni kubwa, halikuvuja hata tone. Ila tumekesha tunawapepea watoto. Wadudu wa ziwani walijaa ndani mpaka kwenye kikombe cha uji." Anauliza kama ameuziwa feki. Hapana, mama. Hema lako ni halali kabisa, ila lilishonwa kwa ajili ya watu wasio na Ziwa Victoria.

Aliyekulia Mwanza anawajua wadudu hao. Wanapanda juu ya maji kama moshi, upepo unawasukuma nchi kavu, na ukiwasha taa tu wamefika. Huibuka kwa wingi zaidi mwezi unapoandama. Hawaumi, lakini wanaingia puani na machoni, na asubuhi chini ya taa unazoa mizoga kwa ufagio. Ongeza usubi, ambao wenyewe unauma na ni mdogo kuliko mbu. Halafu angalia hema ulilonunua lina wavu gani.

Chandarua cha kawaida cha kitandani kina matundu 156 katika inchi moja ya mraba, yaani kama matundu matano ukihesabu sentimita moja ya mstari mmoja. Kwa mbu kinatosha, na Kanda ya Ziwa tunajua malaria inavyotutesa, kwa hiyo sikidharau. Lakini usubi unapita hapo bila kuinama, na wadudu wa ziwani walio wadogo nao wanajipenyeza. Unaoufaa ufukwe wetu ni wavu laini, wenye matundu tisa au zaidi kwenye sentimita moja. Ukiutazama kwa mbali unaonekana kama kitambaa chepesi cheusi, na ukiupuliza unahisi pumzi inapita kwa shida kidogo.

Wauzaji husema, "Si ufunge madirisha?" Funga uone. Watu watano ndani ya polista iliyofungwa kila upande, usiku wa joto la ziwani, pumzi zenu zinageuka maji kwenye dari, na saa tisa usiku matone yanawaangukia usoni. Utaamka ufungue dirisha, na wadudu wanakusubiri hapo hapo. Ndiyo maana wavu nauweka mbele ya rangi, mbele ya idadi ya vyumba, hata mbele ya bei. Wavu mbovu unakuharibia na hewa pia.

Kupima ni rahisi. Nenda dukani na rula ya mwanafunzi. Ilaze juu ya wavu wa dirisha, piga picha kwa simu, ivute picha iwe kubwa, hesabu matundu kati ya alama mbili za sentimita. Kisha fanya hivyo hivyo kwenye wavu wa dari na kwenye vile vidirisha vya chini vya kupitishia hewa. Mara nyingi mtengenezaji huweka wavu mzuri mlangoni, unakoonekana, na wa ovyo kule chini.

Halafu funga mlango, upige magoti, utazame kona ambayo zipu ya wima inakutana na zipu ya chini. Kwenye mahema mengi pale panabaki tundu la kupitisha kidole kidogo. Wadudu hawahitaji zaidi ya hapo. Zipu nzuri ina ulimi wa kitambaa unaoziba kona hiyo. Usipouona, jua kila usiku utaziba kwa soksi.

Mambo ya kuzuia mvua sitayarefusha, yameandikwa kwenye kila mfuko. Kumbuka tu kwamba ngurumo za ziwani hupenda usiku na alfajiri, kwa hiyo chagua hema lenye sakafu iliyoshonwa pamoja na kuta, iliyopanda juu kidogo pembeni. Na idadi ya watu kwenye lebo igawe kwa mbili. Hema la "watu wanane" wanalala wanne na mabegi yao kwa raha.

Namba moja kwangu ni Oztent RV-5, na sifichi mapenzi yangu. Ni hema la Australia, la kitambaa kizito cha pamba iliyochanganywa na polista, kinachopumua usiku. Fremu imeshikana na hema lenyewe: unalitoa kwenye mfuko, unalikunjua, unalisimamisha, na hata peke yako unaweza. Wavu wake ndio hasa ulionifanya nilipende. Ni ule laini, na kampuni inautaja waziwazi kama wa kuzuia wadudu wadogo kuliko mbu. Nimekaa ndani jioni ya mwezi mwandamo, taa ikiwaka, wadudu wametanda nje ya dirisha mpaka wavu ukawa wa kijivu, na ndani tunakula ugali na sato kwa utulivu. Kasoro yake ni urefu. Likikunjwa bado linafika kama mita mbili, na ni zito. Kwenye Noah yenye abiria halikai, linataka keria juu ya gari. Kama unakwenda kisiwa cha Rubondo kwa boti, jiandae kulibeba watu wawili. Bei yake inauma, nakubali. Bado ningekushauri uchange mwaka mzima ulipate hilo kuliko kununua mengine mawili.

Namba mbili ni mahema ya turubai ya Afrika Kusini, aina ya Tentco na Bushtec. Turubai lao linavumilia jua la Kanda ya Ziwa miaka kwa miaka, na likichanika fundi yeyote anayeshona maturubai ya malori analirekebisha. Wanaopitia lango la Ndabaka kwenda kulala Serengeti nawaambia hawatajuta. Wavu wake hutofautiana toleo kwa toleo, kwa hiyo rula yako ifanye kazi. Ukikuta wavu wa mbu wa kawaida, usiliache hema zuri kwa sababu hiyo tu. Nunua wavu laini kwa mita, mpelekee fundi aufumue wa zamani na kushona mpya. Mwambie asitoboe turubai upya, apitishe sindano kwenye matundu yale yale ya mwanzo, la sivyo mvua itapita kwenye mshono.

Ya tatu ni Quechua Air Seconds, yale ya kujaza upepo kwa pampu. Namba zake zinasomeka kirahisi: 6.3 ni watu sita, vyumba vitatu; 4.1 ni watu wanne, chumba kimoja. Yenye alama ya Fresh & Black yana giza na ubaridi ndani hata jua likishatoka, na mwenye mtoto mchanga ataona thamani yake. Lakini vyumba vya ndani vya mahema ya aina hii vingi ni kitambaa, na wavu ni sehemu ndogo. Kagua pia sebule, kwa sababu jioni ndipo mnapokaa na ndipo taa ilipo. Na beba viraka vya mirija.

Coleman Instant Cabin nayaweka ya nne. Ni mepesi kusimamisha na kuta zake zimenyooka, mtu mzima anasimama bila kuinama. Dari lake la wavu ni kubwa, maana yake wavu ukiwa na matundu makubwa umefungua paa zima.

Mahema ya bei ya chini yasiyo na jina, yenye fito za plastiki zinazopinda, yanafaa watoto kuchezea uani.

Sasa wauzaji. Jamani, kwa nini hema halifunguliwi dukani? Unaambiwa, "Likifunguliwa halirudi kwenye mfuko." Mtu anayetoa fedha nyingi kiasi hicho haruhusiwi kugusa wavu, anaonyeshwa picha kwenye simu, picha yenyewe imepigwa milimani kwenye theluji. Ukishalipa, ukaenda ukaona kasoro, unaambiwa mzigo ukitoka haurudi. Mama wa Nyegezi ndivyo alivyojibiwa.

Na bei za dola bado zipo. Tangu mwisho wa Machi 2025 kanuni za nchi zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa zinazouzwa hapa ndani. Lakini uliza hema kubwa leo, utatajiwa dola kwanza, kisha shilingi kwa kiwango anachokijua muuzaji peke yake, na kesho kimepanda. Dai bei ya shilingi iliyoandikwa, dai risiti ya EFD, na usitoe hata kianzio kabla hema halijasimamishwa mbele yako, hata kama ni uani kwa muuzaji. Akikataa, mwage uende kwingine. Mwenye mali nzuri atakuwekea vigingi mwenyewe, na rula atakushikia.