CSS Profile kwa mwombaji wa Dar: fomu nzuri, ada inauma

Hii ni fomu ya College Board, shirika la Marekani, ambayo vyuo vingi binafsi vya huko hupimia uwezo wa kifedha wa familia ya anayeomba msaada wa ada. Dola 25 chuo cha kwanza, 16 kila kinachoongezeka. Kabla ya kulipa, iandikie ofisi ya misaada ya chuo uombe msimbo wa kusamehewa ada ya fomu (fee waiver code); wapo wanaotoa. Uzuri wake, unajaza kwa shilingi. Balaa nalo liko hapohapo: mshahara wa 900,000 kwa mwezi unaingizwa kwenye kisanduku cha mwaka badala ya 10,800,000, chuo kinashangaa mnaishije. Mzazi mwenye duka Kariakoo, asiye na hati ya mshahara, atumie makadirio ya kodi ya TRA (Mamlaka ya Mapato). Nyaraka za Kiswahili zitafsiriwe kwanza.