Mwaka wa pili nachangia tamasha la hadithi hapa Iringa: niliyoyaona

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Kihesa. Tangu mwaka jana nimekuwa mchangiaji wa tamasha la hadithi la mjini kwetu, na wateja wangu kadhaa wameniuliza kama hela hizo zinafika kwa wasimuliaji au zinaishia kwenye fulana na mabango.

Nilianza na shilingi 30,000, kiwango cha chini kabisa, nikatuma kwa simu. Waliahidi kiti cha mbele usiku wa hadithi, kitabu kimoja na jina langu kwenye ubao wa wachangiaji. Kitabu nilipata siku ya kwanza. Jina walilikosea herufi, nikawaambia, wakalirekebisha jioni ile ile. Stakabadhi ilichelewa wiki mbili. Kwa hayo sina la zaidi.

Kilichonifanya niendelee kutoa ni bibi mmoja wa upande wa Kilolo. Ratiba ilimweka saa nane mchana. Alipoitwa hakuinuka. Alimwambia mshereheshaji kwa upole kabisa kwamba hadithi haisimuliwi jua likiwa juu, na kwamba wao walipokuwa watoto walikatazwa, wakiambiwa wataota mkia. Wale vijana wenye ratiba mkononi wakatazamana. Nawasifu kwa dhati, kwa sababu hawakumbembeleza wala kumharakisha. Walimpa chai, wakamhamishia saa mbili usiku, na kijana mmoja mshairi akachukua nafasi yake.

Ilikuwa Juni, na mnaijua baridi ya Iringa ya Juni. Waliwasha majiko matatu ya mkaa. Bibi akaanza kusimulia, kipaza sauti kikakoroma mara mbili kisha kikakata. Akakiweka chini, akatuashiria tusogee. Watu kama sitini tukabananisha viti na mikeka hadi magoti yakagusana. Mikononi alikuwa na kikapu cha milulu kilichofika nusu, akawa anakisuka huku anasimulia. Fisi alipoukaribia mlango wa ile nyumba, vidole vilisimama, unyasi mmoja ukabaki umeinuliwa juu ya ukingo wa kikapu, na hapakuwa na mtu aliyekohoa. Halafu akaanzisha wimbo, na vidole vikarudi kazini kwa mwendo wa wimbo. Alisimulia kwa Kihehe, mjukuu wake akitufasiria kwa Kiswahili. Kwenye wimbo mjukuu alinyamaza, na alifanya vizuri. Mimi ni Mbena, nilikuwa naokota neno hapa neno pale, lakini ulipofika mzunguko wa tatu wote tulikuwa tunaitikia, hata yule mama wa Kichaga aliyekaa kushoto kwangu. Hiyo 30,000 ililipwa yote pale pale.

Wa pili nisiyemsahau ni binti wa kidato cha pili. Alisimulia vita vya Lugalo. Kila anayepanda basi la Morogoro anaupita ule mnara pembeni ya barabara, na wengi hatugeuzi hata shingo. Binti alituambia habari za tarehe 17 Agosti 1891, jinsi msafara wa Wajerumani ulivyovamiwa na Wahehe na kamanda wao Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, akauawa. Hakuishia kwenye ushindi. Alisimulia pia ngome ya Kalenga kutekwa mwaka 1894, kifo cha Mkwawa, chifu wa Wahehe, mwaka 1898, na fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954 ambalo liko Kalenga hadi leo. Kesho yake waandaaji walitupandisha Gangilonga, yule binti akiwa mbele. Jina la lile jiwe kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na wazee husema Mkwawa alikuwa akipata shauri pale. Mwanangu wa miaka tisa aliweka sikio kwenye mwamba akakaa hivyo muda mrefu, nami sikumwambia aache.

Sasa lililoniuma. Siku ya mwisho nilimkuta bibi kwenye benchi nje ya ukumbi, kikapu kimekwisha, kiko mapajani. Alikuwa anasubiri nauli. Utaratibu wao ulikuwa kwamba msimuliaji anajilipia kuja, kisha anarudishiwa akishasaini. Bibi alikuwa amekopa kwa jirani ili aje kutusimulia, na mwenye fedha alikuwa ameshaondoka kwenda kula. Alilipwa saa kumi, magari ya kwao yakiwa yamebaki machache. Mtu wa umri ule hakopeshwi safari ya kuja kufanya kazi yenu. Niliwaambia hivyo ana kwa ana, na mmoja wa waandaaji, kijana wa rika la mdogo wangu, alisema: "Dada, hapo tumekosea." Sikuona akijitetea.

Meza ya vitabu ilikuwa nzuri ila ndogo. Vitabu vya watoto viliisha kabla ya mchana wa siku ya pili, na walimu waliotoka Mafinga na Kilolo walirudi mikono mitupu. Wakiongeza kitu, waongeze hapo kabla ya kuongeza spika.

Kwa anayeuliza kama atoe: kama unataka burudani ya wikiendi, kata tiketi ya mlangoni, inatosha. Kuchangia ni kwa yule anayetaka wazee wetu wafike mjini, walale mahali penye blanketi la kutosha, na wasikilizwe kwa lugha zao na watoto waliozaliwa mjini. Kwa hilo, kwa macho yangu, hela inafanya kazi. Mwaka huu kabla sijatuma niliomba kujua nauli zinakwendaje. Walinijibu kwamba sasa zinatumwa kwa simu siku tatu kabla, na waliopokea wanapigiwa kuhakikisha. Nimetuma shilingi 50,000, na kikapu cha bibi, nilichokinunua siku ile pale benchini, ndimo ninamoweka nyuzi zangu.